Nilimuuliza Mbele ya Watu

Wiki iliyopita nilimfukuza mteja dukani. Alikuwa kijana mstaarabu tu, amekuja kununua dawa ya kupe, na nilipokuwa nikimtafutia chupa akatoa simu yake akanionyesha wachezaji wa raga wakikumbana. Mmoja pua imekaa upande, damu imefika kidevuni, na bado anakimbia na mpira. "Mzee, cheki huyu," akasema. "Sasa huyu na boxer, nani mgumu?" Nikamwambia atoke. Alidhani natania, akacheka. Nikapiga meza kwa kiganja mpaka chupa zikaruka, naye akaenda bila dawa. Mke wangu alikuwa nyuma akifungua gunia la chumvi ya ng'ombe. Hakuniuliza kitu.

Sikuwa hivi. Swali la yule kijana lilikuwa swali langu, mimi ndiye niliyelilea hapa Kanyakine kwa miaka mingi. Duka langu la dawa za mifugo lina kibaraza chenye benchi moja refu, na wanaume wakishapeleka maziwa asubuhi, au wakishamaliza kukatia ng'ombe majani alasiri, walikuwa wanakuja kuketi pale. Wengine hubishana siasa. Sisi tulibishana wanamichezo wa kulipwa, nani mgumu kuliko nani, na mimi ndiye niliyekuwa hakimu kwa sababu benchi lilikuwa langu.

Wacheza kandanda tuliwatoa mapema. Hata waliowapenda walikubali kwamba mtu analipwa vizuri namna ile, akiguswa bega anashika goti. Waendesha baiskeli tuliwapa heshima yao. Mtu anavunjika mtulinga, anafungwa kitambaa, anapanda tena na kuteremka milima kwa kasi ya wazimu, na watu wa pikipiki wa hapa sokoni wakadai hao ni ndugu zao wa damu. Watu wa raga walikuwa na watetezi wao, na masikio yao yaliyovimba kama maandazi yalihesabiwa kuwa ushahidi. Mimi niliwasikiliza wote, kisha nikatoa hukumu ileile kila mara. Nilisema kuumia si kipimo, kwani kila mtu anaumia, hata mama anayechuma majani chai kule juu kwenye mvua. Kipimo ni nani hana ruhusa ya kuacha. Mkimbiaji akichoka anatoka barabarani. Mchezaji wa raga ana wenzake kumi na wanne wa kujificha nyuma yao. Bondia hana wa kumpasia. Kwa hiyo bondia ndiye mgumu, na kesi imekwisha.

Mtu mmoja tu hakuwahi kukubali hukumu hiyo. Alikuwa mwalimu mstaafu, jirani yangu, ambaye ujanani alikimbia mbio ndefu katika timu ya kikosi fulani, akapelekwa ng'ambo mara kadhaa, akarudi na kucha mbili za miguu ambazo hazikuota tena. Aliongea polepole, na hilo peke yake lilinikera. "Bondia anafunzwa asisikie mwili," alisema siku moja. "Mimi nilifunzwa niusikie. Ukifika kilomita ya thelathini mwili unasema maneno mengi, na mengi ni ya uongo. Ugumu ni kujua lipi ni la kweli."

"Hiyo ni hekima ya mtu anayehepa, mwalimu," nikamjibu. "Kukimbia ni kuhepa tu, ni vile hakuna mtu anawafukuza."

Benchi zima lilicheka. Yeye naye alicheka kidogo, kisha akasema hakuna bondia wa nchi hii anayeweza kukimbia kutoka darajani mpaka kanisani bila kusimama. Kila aliyezaliwa hapa anaujua mlima huo. Ni barabara ya murram, isiyo na lami, inayopita katikati ya mibuni na migomba, na mama mwenye debe la maji husimama mara nne kabla ya kufika juu. Maneno hayo yalibaki yakining'inia pale kibarazani, na kila wiki mtu aliyachokoza.

Sasa niseme kwa nini nilishikilia ubondia kiasi hicho. Mtoto wa mama mdogo wangu alikuwa bondia. Mchana alipakia viazi malori kule Kibirichia, jioni alifanya mazoezi katika ukumbi mmoja mjini Meru, na hatimaye akaingia ngumi za kulipwa. Nilimpenda kijana yule. Nilimpenda kuliko ndugu zangu wa tumbo moja, na hilo lilitokana na jando.

Alipofika umri, baba yake alikuwa ameshafariki, na ukoo ulinichagua mimi niwe mlezi wake. Kwetu mlezi ndiye anayesimama nyuma ya kijana anapokatwa, ndiye anayeishi naye kwenye kibanda siku zote za kupona, anampikia, anamwosha kidonda, anamfundisha. Mama yake huleta chakula mpaka kwenye ua, hukiweka chini, hugeuka. Haruhusiwi kumuuliza kama anaumwa, siku hiyo wala siku nyingine yoyote, kwa sababu aliyetoka jandoni hamlilii mama. Mtu pekee anayeweza kumuuliza ni mlezi. Na mlezi naye ana sheria. Humuuliza nyuma ya nyumba, wawili peke yao, asubuhi kabla watu hawajaamka. Pale nyuma kijana anaweza kusema ukweli, anaweza hata kulia, na hakuna atakayejua. Lakini ukimuuliza mbele ya watu, hapo humuulizi. Unampa nafasi ya kujisifu, naye anajua jibu ni moja tu.

Nilimuuliza nyuma ya nyumba kila asubuhi kwa wiki tatu. Aliniambia kweli kila mara. Alilia mara mbili, na kilio hicho nimekihifadhi mpaka leo ninapokiandika hapa. Kutoka hapo aliniita Mlezi, hata alipokuwa mtu mzima mwenye mabega ya kujaza mlango.

Jumamosi moja alipigana Embu, katika ukumbi uliojaa mpaka watu wakakaa madirishani. Niliketi karibu na kona yake. Katika raundi ya sita alipigwa ngumi ya pembeni juu ya sikio, akaenda chini kwa goti moja. Nilisikia mlio wa ngumi ile, na haukuwa mkubwa. Alisimama kabla mwamuzi hajamaliza kuhesabu, akamaliza raundi zilizobaki, na akapewa ushindi kwa pointi. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nilikuwa nimeshaanza kupanga nitakavyoisimulia ngumi ile kibarazani, hasa sehemu ya kusimama.

Jumapili tulirudi pamoja. Hatukuwa tumefika mbali akaniuliza, "Mlezi, kwani nilishinda?" Nikamwambia alishinda, tena kwa heshima. Akalala. Tulipopita Chuka akaamka, akaniuliza swali lilelile kwa maneno yaleyale. Nikacheka, nikidhani ameonja utamu wa ushindi anataka kuusikia tena. Nikamsimulia upya, na mimi mwenyewe nikafurahia.

Ilikuwa Julai, ule mwezi ambao ukungu unashuka kutoka mlimani na kukaa juu yetu siku nzima, na jua tunalisikia kwenye redio tu. Jumatatu alikuja dukani amevaa miwani ya jua. Watu wakamtania kwamba amekuwa staa. Alitabasamu, akaketi mwisho wa benchi, akaegemeza kichwa ukutani na kukaa hivyo muda mrefu. Jumanne alikuja tena. Aliinuka katikati ya maongezi, akaenda kwenye migomba nyuma ya duka, na nikamsikia akitapika. Aliporudi akasema ni githeri ya jana. Nilimpa soda.

Siku hiyohiyo ya Jumanne alikuja mkulima mmoja kutoka upande wa juu. Mtamba wake alikuwa ameteleza akaanguka mtaroni, kichwa kikagonga jiwe. Sasa hali majani, ameinamisha kichwa, anazunguka upande mmoja tu. Alitaka dawa. Nilimkaripia. "Hakuna dawa ya hiyo hapa. Usimkimbize, usimswage popote, mwite daktari leo, si kesho. Mnyama hasemi. Lazima umtazame." Nilisema maneno hayo kwa sauti kubwa ya mtu anayejua kazi yake, na kijana wangu alikuwa hatua nne kutoka nilipokuwa, kichwa kikiwa ukutani. Nimejiuliza mara nyingi kama aliyasikia. Najichukia kila ninapojiuliza.

Jumatano asubuhi mama mdogo alikuja dukani mapema, kabla sijafagia. Aliniambia anataka chumvi ya ng'ombe. Nilijua ana chumvi, nilikuwa nimempelekea wiki iliyotangulia. Alisimama akishika ukingo wa meza.

"Huyu mtoto analala tu tangu Jumapili," akasema. "Chai hataki. Jana ametapika usiku mara mbili."

"Ni uchovu wa ngumi, mama."

"Mimi siwezi kumuuliza. Wewe unajua siwezi. Nikimuuliza ataniambia tu niko sawa, niko sawa." Akanitazama usoni, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Wewe ndio ulimshika. Muulize wewe."

"Nitamuuliza."

"Leo?"

"Leo, mama. Usijali."

Akaondoka bila chumvi. Nami niseme kweli, nilikuwa na nia ya kumuuliza. Nilipanga nitamwita nyuma ya duka akija, pale penye magunia, tukae wawili kama zamani. Nilipanga hivyo asubuhi nzima.

Alikuja saa tisa. Benchi lilikuwa limejaa, watu watano na mwalimu, na kwa bahati mbaya tulikuwa katikati ya ubishi. Nilikuwa nikisimulia raundi ya sita kwa mara ya kumi labda. Nilikuwa nimefika pale anaposimama, nikionyesha kwa goti langu mwenyewe, na tazama, bondia mwenyewe akatokea kwenye ukungu. Watu wakampigia makofi. Alitembea taratibu mno, akaweka mguu kwenye ngazi kama mtu anayepima kina cha maji.

Mwalimu hakupiga makofi. Alisema, "Kijana, hebu toa hiyo miwani nikuone macho."

"Ni baridi tu, mwalimu," kijana akasema.

Mwalimu akanigeukia mimi. "Huyu apelekwe hospitali."

Nilisikia maneno hayo vizuri kabisa, lakini niliyasikia kama hoja. Nilidhani mzee anataka kunishinda ubishi kwa mlango wa nyuma, kwamba baada ya kushindwa kwa maneno sasa anataka bondia wangu aonekane mgonjwa mbele ya watu. Damu ikanipanda. "Mnaona?" nikawaambia wale wengine. "Mkimbiaji ni mkimbiaji. Sasa anataka tukimbilie hospitali." Wakacheka. Na kicheko kile kikanisukuma, nikamgeukia kijana, nikamuuliza kwa sauti ya hakimu, palepale kibarazani, watu saba tukimtazama, mimi nikiwemo, "Bondia! Unaumwa?"

Alinitazama kupitia miwani ile. Alichelewa kujibu. Sasa najua kuchelewa kule kulikuwa ni nini. Alikuwa akingoja niseme twende nyuma.

"Siumwi, Mlezi," akasema.

"Mmesikia?" nikasema. Kisha nikaongeza lile ambalo hakuna aliyenituma kulisema. "Basi leo tumalize kesi ya mlima. Mwonyeshe mwalimu."

Mwalimu alisimama. "Mimi simo," akasema. "Na wewe usifanye hivyo."

"Umeogopa kushindwa."

"Nimeogopa," akasema.

Kijana hakubisha. Mlezi akisema, unafanya. Alivua jaketi akampa mmoja wa wale watu, akapelekwa darajani kwa pikipiki. Sisi wengine tukapanda juu mpaka lango la kanisa kumngoja. Ukungu ulikuwa umefunga barabara, tuliona kona ya mwisho tu, na kwa muda mrefu hatukuona chochote. Nilisikia ng'ombe akilia bondeni. Mtu mmoja akasema labda ameacha. Nikamwambia anyamaze. Kwa mara ya kwanza siku hiyo niliogopa, na bado nilitaka ashinde.

Akatokea. Alikuwa anakimbia, kweli hakuwa amesimama, lakini alikimbia akiinamia kushoto kama mtu aliyebeba ndoo upande mmoja, na mguu wake wa kushoto ulikuwa unaburura kokoto. Wale watu wakaanza kushangilia. Mimi nilipaza sauti kuliko wote. "Jikaze! Jikaze kisabuni!" Alijikaza. Alipita lango la kanisa, akaja moja kwa moja mpaka nilipokuwa, akasimama, akavua miwani kwa mkono mmoja, ule mwingine ukiwa umening'inia tu. Mboni ya jicho moja ilikuwa imefunguka yote, nyeusi, na ya jingine ilikuwa ndogo kama tundu la sindano.

"Nilishinda?" akaniuliza.

"Umeshinda," nikasema.

Akaketi chini, kisha akalala ubavu kwenye majani ya kanisa, akaanza kukoroma. Mtu mmoja alicheka akidhani amepitiwa na usingizi wa uchovu. Nilimwita kwa jina lake, kisha kwa jina la ukoo wake, kisha nikapiga magoti nikamwita sikioni. Sijawahi kusikia tena mkoromo kama ule kwa mtu yeyote, na naomba Mungu anisamehe, nilichokumbuka ni mtamba wa yule mkulima.

Mwalimu ndiye aliyetupeleka. Alikuwa amefuata nyuma yetu na pikapu yake kuukuu, hakutuambia, akaiegesha chini ya ukuta wa kanisa kungoja. Njiani sikumsikia akisema, "Niliwaambia." Aliendesha tu. Nilikuwa nyuma nimeshika kichwa cha kijana magotini, nikimwomba msamaha kwa Kimeru, lugha ambayo tuliongea kule kibandani.

Hospitalini daktari kijana alitaka kujua kichwa kilianza kuuma lini. Alisimama na kalamu akingoja. Nikasema sijui. Akauliza kama mgonjwa alilalamika kwa yeyote. Nikasema sijui. "Nyinyi mnaishi naye?" akauliza, si kwa ubaya. Mwalimu ndiye aliyemweleza kila kitu alichoona tangu Jumatatu, miwani, kutapika, kuegemea ukuta, siku kwa siku, kwa utaratibu. Alikuwa ameona vyote. Mimi nilikuwa na macho yaleyale na benchi lilelile. Daktari alituambia damu ilikuwa ikijaa kidogo kidogo ndani ya fuvu tangu ile ngumi ya Embu, na kwamba siku mbili tatu zilizopita wangeweza kuitoa. Walijaribu hata hivyo. Alifariki Ijumaa alfajiri.

Watu walikuja na methali zao, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Waliisema kwa huruma, na mimi niliwachukia, kwa sababu hakuficha. Alikuja pale nilipokuwa siku tatu mfululizo, akaketi mahali ninapoweza kumwona, akangoja aulizwe mahali panapofaa. Mwalimu alikuwa na haki kuhusu miili yetu, na nilimwendea baada ya mazishi nikamwambia hivyo. Alinikaribisha chai. Kibarazani hakurudi tena, na benchi lenyewe niliishia kulipasua kuni.

Lakini sijaandika haya kwa ajili ya mwalimu.

Siku ya tatu baada ya mazishi mama mdogo aliniita jikoni kwake. Wanawake wa kanisa walikuwa wameshaondoka. Alikuwa akimenya ndizi, akaendelea kumenya nilipoketi, na nilijua anachotaka kabla hajafungua mdomo. Wale watu watano walikuwa wamekubaliana wenyewe, bila mimi kuwaomba, kusema kwamba kijana alianguka akifanya mazoezi. Mwalimu hakuwa mtu wa kupeleka maneno. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa amemwambia.

"Ile siku nilikuja dukani," akasema. "Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza, mama."

Kisu kikasimama. "Akasema nini?"

Ningeweza kumwambia. Tulikuwa wawili, jikoni, moshi machoni, hakuna mtu wa kutusikia. Palikuwa mahali panapofaa kabisa pa kusema ukweli.

"Alisema haumwi."

Aliweka kisu chini. Akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili, ikiwa na utomvu wa ndizi, na uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile. "Asante, baba," akasema. "Mimi angenidanganya. Wewe alikuwa hawezi kukudanganya. Kama alikuambia haumwi, basi mtoto wangu hakuumwa."

Na hivyo ndivyo anavyowaambia watu. Anawaambia majirani, anawaambia wanawake wenzake wakitoka ibadani, kwamba mwanawe hakuteseka, kwa kuwa mlezi wake alimuuliza naye akasema haumwi. Nikiwa karibu hunigeukia ili nithibitishe, nami huitikia.